Kati ya Mti na Dawa Pana Daftari

Katika juma la kwanza la muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alinisubiri mlangoni baada ya mhadhara wa fonolojia. Kwa adabu zote akanyosha kidole kuelekea mkono wangu wa kulia, akasema: "Samahani, Daktari, una chaki mkononi." Nikajipangusa kwenye suruali, kama nilivyojipangusa mara nyingi katika miaka hii kumi na miwili, nikamshukuru. Kijana akaenda zake akiwa ameridhika kwamba amemsaidia mwalimu wake. Mabaka yakabaki pale pale. Haikuwa chaki. Ilikuwa mbalanga.

Siandiki makala haya kwa ajili ya mkono wangu. Mtu wa makamo aliyekwisha kuoa, kuajiriwa na kuzoewa hapotezi mengi kwa mabaka machache vidoleni. Naandika kwa ajili ya mpwa wangu, binti wa kidato cha pili, ambaye mabaka yalimtokea usoni mwaka jana, kwanza pembeni mwa midomo, kisha kuzunguka macho. Katika shule yake ya bweni alitengewa sahani, kikombe na beseni. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga. Mlezi wa bweni alisema kwamba ni tahadhari tu, kwa maana ukoma huanza hivyo hivyo. Likizo ilipowadia, binti alinijia jioni, akaketi kimya kwa muda, halafu akaniuliza swali moja: "Mjomba, nipake nini?"

Msomaji anaelewa fedheha ya swali hilo. Watu huniita Daktari, ilhali udaktari wangu ni wa maneno. Hata hivyo, kadiri nilivyolitafakari swali la mpwa wangu ndivyo nilivyoona kwamba lilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ulihitaji daktari wa ngozi. Upande wa pili, na huu ndio uliomfanya ale peke yake, ulihusu neno lililotumiwa mahali pasipo pake. Huo ulikuwa wangu.

Tuanze basi na neno. Mbalanga ni hali ambayo ngozi hupoteza rangi yake kwa mabaka. Ndani ya ngozi zetu mna chembe ziitwazo melanosaiti, ambazo kazi yake ni kutengeneza melanini, yaani rangi. Kinga ya mwili, ambayo yapasa kupigana na maadui wa nje, hukosea shabaha ikazishambulia chembe hizo. Zinapokufa, ngozi hubaki nyeupe. Mbalanga hukadiriwa kuwapata watu kati ya nusu na wawili katika kila mia duniani, wa mataifa yote, na mara nyingine hufuata ukoo, kama ilivyotufuata sisi. Haiambukizi kwa sahani, kwa kitanda, kwa kukumbatiana wala kwa namna nyingine yoyote. Wala si uzeruzeru, kwa kuwa zeruzeru huzaliwa alivyo, na mwenye mbalanga hupatwa baada ya kuzaliwa.

Ukoma ni jambo jingine kabisa. Huletwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873, nao unatibika kabisa kwa vidonge. Ukoma nao huleta mabaka yaliyofifia rangi, na hapo ndipo macho yanapodanganyika. Lakini baka la ukoma kwa kawaida hufa ganzi, hata ukiligusa kwa pamba mwenyewe hasikii, ilhali baka la mbalanga husikia kama ngozi nyingine. Mwalimu akiijua tofauti hii moja atamwepusha mtoto mmoja na dhuluma, na mwingine atamwahisha hospitali.

Mchanganyiko huu hatukuubuni sisi. Katika sura ya 13 ya Mambo ya Walawi, maandishi ya Kiebrania hutumia neno *tsaraath*, ambalo wataalamu wengi wanaamini lilijumuisha maradhi mengi ya ngozi. Wafasiri wa Kigiriki wakaliita *lepra*, neno hilo likaingia Kilatini na lugha za Ulaya, na lilipofika kwetu likawa ukoma. Kila mfasiri alifanya kazi yake kwa nia njema, ila mwisho wa safari watu wenye maradhi mbalimbali wakajikuta chini ya jina moja la kutisha. Huko India nako, katika Kihindi, mbalanga huitwa kwa jina lenye maana ya ukoma mweupe. Waarabu walikuwa waangalifu zaidi: *judhamu* lilikuwa lao la ukoma na *baraswi* la weupe wa ngozi. Maneno hayo mawili yalifika Mwambao yakawa jethamu na barasi, ila tofauti yake ikafifia vinywani mwetu.

Jambo la ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno lake zuri, mbalanga, na bado magazeti na redio zetu husema vitiligo. Wengi wa rika langu tulilisikia neno hilo la kigeni mwaka 1993, Michael Jackson alipotangaza kwamba ndilo lililombadilisha rangi. Tukadhani ni maradhi ya matajiri wa Marekani. Jirani yetu mwenye mabaka yale yale tukaendelea kumwita mkoma.

Sasa nije kwenye swali lenyewe: nipake nini? Kabla ya mpwa wangu kuuliza, mimi nilikwisha kujiuliza, nikajijibu vibaya. Mabaka yaliponianza, rafiki mmoja alinishauri nitafute mafuta ya mbegu za babchi, mmea ambao matabibu wa India wameutumia kutibu mbalanga tangu kale. Nikapata kichupa kisicho na maandishi ya maana. Muuzaji akaniambia nipake kisha niote jua. Hakuniambia nipake kiasi gani wala niote jua kwa muda gani, nami sikuuliza. Nikapaka kwa ukarimu, nikaketi uani saa sita mchana kwa muda wa saa nzima nikisahihisha insha.

Siku ya pili mkono ulivimba malengelenge makubwa. Yalipopona, baka lilikuwa limepanuka kuliko mwanzo, kwa kuwa katika mbalanga ngozi iliyojeruhiwa huweza kuota baka jipya juu ya jeraha. Nilikasirika, nikaapa kwamba dawa za miti ni ulaghai. Kiapo hicho kilikuwa cha mtu asiyesoma, na aibu yake ilinijia baadaye kidogo, nilipokwenda maktabani kutafuta kisa cha mafuta yale.

Nilichokikuta huko ni hiki. Mwishoni mwa karne ya 12 alizaliwa katika mji wa Málaga, Andalusia, mtaalamu wa mimea aitwaye Ibn al-Baytar. Alisafiri Afrika ya Kaskazini yote, akahudumu Misri, akafariki Damascus mwaka 1248. Aliacha kitabu kinachoeleza dawa na vyakula zaidi ya 1,400 kwa mpangilio wa alfabeti, na katika mengi ya maelezo hayo aliandika jina la mmea kwa Kiarabu, kwa Kigiriki, kwa Kiberiberi na kwa lugha za Andalusia. Kwa macho ya mwanaisimu hicho ni kitabu cha tiba na papo hapo ni kamusi.

Humo mna mmea wa jamaa ya karoti na giligilani, ambao wataalamu wa leo huuita *Ammi majus*. Ibn al-Baytar anausajili kwa jina la Kiberiberi, *aatrilali*, akieleza kwamba maana yake ni mguu wa ndege. Anasimulia kwamba watu wa kabila moja la Waberiberi, magharibi ya Afrika ya Kaskazini, walikuwa wakitibu mabaka meupe kwa mbegu zake, na elimu hiyo walirithishana wao kwa wao kabla haijaenea. Mgonjwa alikunywa kiasi kilichopimwa, kisha akakaa juani sehemu zenye mabaka zikiwa wazi, na sehemu hizo zikatoka malengelenge. Nilipofika hapo nikautazama mkono wangu. Jambo lililonipata uani kwangu lilikuwa limeandikwa zaidi ya miaka 700 kabla sijazaliwa.

Kutoka Andalusia twende Cairo, ambako kitabu hicho hakikusahaulika. Katika bonde la Nile mmea ule huota, na wenyeji huuita *khilla shaitani*, wakiutofautisha na ndugu yake *khilla baladi*, yaani *Ammi visnaga*, ambao nao ni dawa, ila ya mambo mengine. Mwaka 1947 wanakemia wawili wa Misri, Fahmy na Abu-Shady, walizitoa katika mbegu za khilla shaitani chembechembe safi za kemikali iliyokuwa ikifanya kazi. Mwaka uliofuata daktari wa ngozi wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa mbalanga kwa kemikali hizo, kwa kumeza na kwa kupaka, pamoja na mwanga. Baadhi yao walirudiwa na rangi.

Kemikali hiyo ni ya ukoo wa psoraleni, na ukoo huo ulipata jina lake kutokana na mmea wa babchi, ule ule wa kichupa changu. Psoraleni ikiwa gizani haina makuu. Inapopigwa na miale ya urujuanimno ya jua, hujifunga kwenye vinasaba vya chembe za ngozi. Ikiwa kidogo na mwanga ukiwa kidogo, huweza kuziamsha melanosaiti zilizojificha kwenye mizizi ya malaika, nazo hupanda juu zikirudisha rangi kwa vidoa vidogo kama visiwa. Ikizidi, au mwanga ukizidi, huunguza. Kina mama wa Pwani wanaolijua jua letu hawatastaajabu: aliyekamua ndimu kisha akafanya kazi juani bila kunawa amewahi kuona madoa meusi mikononi, kwa kuwa ndimu nayo ina kemikali za jamaa hiyo hiyo.

Hapa ndipo nilipoelewa kosa langu. Mti haukunidanganya. Mimi niliuchukua mti nikaiacha elimu yake. Waberiberi wale walikuwa na kipimo, Ibn al-Baytar akakiandika, Wamisri wakakipima upya kwa mizani ya maabara, na mwaka 1974 madaktari wa Boston, Marekani, wakaonyesha kwamba psoraleni pamoja na taa maalumu za urujuanimno hutibu pia soriasi, maradhi mengine sugu ya ngozi. Njia hiyo ilienea duniani kote. Madhara yake nayo yakaandikwa: macho lazima yakingwe, na matumizi ya miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Kwa ajili hiyo madaktari wengi leo hupendelea mwanga wa aina nyingine usiohitaji psoraleni. Elimu iliyoandikwa ina fadhila hii pia, kwamba hukubali kusahihishwa.

Wapo wanaoendelea na njia ya mitishamba. Nchini India, maabara moja ya Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Ulinzi, iliyoko katika jimbo la milima la Uttarakhand, ilitengeneza dawa ya mbalanga iitwayo Lukoskin, yenye marhamu ya kupaka na maji ya kunywa, kutokana na mimea kadhaa, kisha ikaikabidhi kampuni ya dawa iiuze. Siitaji ili msomaji akainunue, wala mimi si wa kumhakikishia kwamba itamfaa. Naitaja kwa kuwa inaonyesha njia inayopitiwa: mmea unatambuliwa kwa jina lake la kisayansi, sehemu itumikayo inatajwa, kiasi kinapimwa, wagonjwa wanafuatiliwa, matokeo yanaandikwa. Hata marhamu isiyo ya miti hupitia mlango huo huo. Ile iliyoidhinishwa Marekani mnamo Julai 2022, ikiwa ya kwanza kuruhusiwa huko kwa kurudisha rangi ya ngozi yenye mbalanga, ilitanguliwa na majaribio ya namna hiyo, ingawa bei yake ingali mbali na mfuko wa mwalimu wa Kenya.

Je, sisi tuko wapi? Miti tunayo, na wajuzi tunao. Mwaka 1976 Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu chake kuhusu mimea ya tiba ya Afrika Mashariki, akiambatanisha majina ya kisayansi na majina ya lugha zetu nyingi. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa za kileksikografia zilizofanywa na mtu ambaye hakujiita mwanaleksikografia. Alitambua kwamba jina la mti likipotea, au likihamia kwenye mti mwingine, tiba hugeuka hatari. Tuchukue mwarobaini, ambao jina lake lasema hutibu maradhi arobaini. Wengi wetu tukilitaja tunakusudia *Azadirachta indica*. Lakini wako wanaolitumia jina hilo kwa mti unaofanana nao, *Melia azedarach*, ambao matunda yake yana sumu kwa binadamu. Mwanafunzi anayeambiwa tu achemshe mwarobaini hajaambiwa kitu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 2016 Bunge letu lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na sheria hiyo inazitaka serikali za kaunti zikusanye maarifa hayo na kuyasajili, ili wenyewe wasiporwe na wageni wala na wenyeji wenye tamaa. Kusajili ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya kemia. Anahitajika mtu wa kumsikiliza mganga kwa Kigiriama, kwa Kipokomo, kwa Kikamba au kwa Kinandi, kunakili alichosema bila kukisahihisha, kuuliza mti huo ni upi, unachumwa lini, hutumiwa jani au mzizi, hupimwa kwa kijiko au kwa ganda la kifuu, na nani asipewe. Wanafunzi wetu wa isimu humaliza shahada bila kumhoji mganga hata mmoja, nami kama mwalimu wao nalikiri kosa hilo.

Najua hoja ya wanaopinga. Watasema kwamba mganga akiandika siri yake atanyang'anywa mkate. Hofu hiyo si ya bure, na sheria isiyotekelezwa haimlindi mtu. Hata hivyo siri nayo ina hasara yake. Mzee anapofariki na dawa yake kifuani, hakuna aliyeporwa wala aliyefaidika. Na pale elimu inaponyamaza, hao wenye vichupa visivyo na maandishi ndio wanaosema. Baadhi ya marhamu zinazochuuzwa kwa jina la mitishamba zimewahi kukutwa zimetiwa dawa kali za hospitali bila mnunuzi kuambiwa. Ikiwa hapana daftari, mganga mkweli na ayari huwa sawa machoni pa mgonjwa.

Nirudi kwa mpwa wangu. Jibu langu jioni ile lilikuwa fupi: "Usipake kitu, mwanangu, mpaka tujue ni nini." Tulikwenda kwa daktari wa ngozi. Alimgusa mabaka kwa pamba huku binti amefumba macho, na kila mara binti akasema anasikia. Alimtazama kwa taa ya urujuanimno chumbani penye giza. Kisha akasema neno ambalo mtoto yule hakuwa amelisikia kwa mtu mzima hata mmoja shuleni: "Hii ni mbalanga, na haiambukizi." Akampa marhamu ya kupaka na mwanga wa taa uliopimwa kwa dakika. Akatuambia wazi kwamba mabaka ya usoni huitikia tiba kuliko ya vidoleni, kwa hiyo yeye ana matumaini kuliko mjomba wake, na kwamba hakuna wa kumwahidi kupona kabisa. Baada ya miezi minne vidoa vya rangi vilianza kuchomoza kuzunguka macho. Pembeni mwa midomo bado.

Barua ya daktari niliipeleka shuleni mwenyewe. Mlezi wa bweni aliisoma mara mbili, akanyamaza, halafu akaniambia: "Mwalimu, sisi nyumbani tulifundishwa hilo moja tu, kwamba weupe ni ukoma." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amerithi neno pungufu, na neno hilo lilikuwa limemuunguza mtoto kama mafuta yale yasiyo na kipimo yalivyoniunguza mimi. Jioni hiyo sahani ya mpwa wangu ilirudishwa kwenye rundo la sahani za wenzake. Kwa binti wa miaka kumi na mitano, nadhani hiyo ndiyo tiba iliyotangulia.

Ndugu walimu, hamhitaji maabara ili kuanza. Liandikeni neno mbalanga ubaoni, mlieleze, na mueleze ukoma ni nini na unatibiwaje. Wanafunzi nao, likizo ijayo, wakaulize nyumbani majina ya miti mitano na kazi zake, wayaandike na jina la aliyewaambia, kwa idhini yake, kisha wapeleke jani kwa mwalimu wa biolojia. Daftari la shilingi chache linatosha kuanzia.

Na yule kijana wa chaki? Juma lililofuata nilianza mhadhara kwa kuinua mkono wangu mbele ya darasa zima, nikawataka waniambie kwa Kiswahili kile wanachokiona. Walimu wa Kiswahili watarajiwa zaidi ya mia walinitazama kimya. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na jina lake.